Katazo la Hakimu na Kalamu ya Kujitolea: Tabora na Njia ya Misafara

Yeyote anayetaka kuandika tarikhi ya habari katika bara letu la magharibi hana budi aanze na njia, maana kabla ya gazeti, kabla ya reli na kabla ya waya wa simu, habari ilikuwa ikienda kwa miguu pamoja na pembe za ndovu, nguo za merikani, shanga na chumvi ya Uvinza, ikitoka Bagamoyo na kupita Ugogo na nyika kavu ya Mgunda Mkali hata kufika Unyanyembe, na kutoka hapo ikashika njia ya Ujiji au ikageukia kaskazini kwa watu wa Ziwa. Richard Burton na mwenzake Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, na walipoingia Kazeh, mji ambao leo twauita Tabora, ilikuwa Novemba. Hiyo ndiyo miezi ambayo neno lilihitaji ili lifike. Na neno hilo halikuwa na mchukuzi wa ujira. Mpagazi alilipwa kwa mzigo wake, kirangozi kwa kuongoza msafara, bali habari ya bei ya pembe, ya njaa, ya vita na ya vifo ilichukuliwa bila malipo na kila aliyekuwa na masikio, naye akaitua pale alipotua mzigo.

Aliyetaka kuizuia habari katika zama hizo hakuhitaji hati ya hakimu, ila alihitaji kuifunga njia. Ndivyo alivyofanya Mtemi Mirambo mwaka 1871, alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, na vita hivyo vikakata safari za Ujiji, hata barua zikakaa Tabora kama zilivyokaa bidhaa. Henry Stanley aliukuta huko mfuko wa barua za Livingstone uliotiwa alama ya tarehe 1 Novemba 1870, nao ulikuwa haujapiga hatua kumwendea mwenyewe aliyekuwa akizingoja kwa hamu upande wa Tanganyika. Mabaraza ya hukumu yalikuwapo, hilo halina shaka. Watemi wa Unyanyembe walikuwa na lao pamoja na wazee wao, na wafanya biashara wa Kiarabu walikuwa na liwali aliyewakilisha mamlaka ya Sultani wa Unguja, miongoni mwao Said bin Salim, yule yule aliyewahi kuongoza msafara wa Burton. Lakini mashauri yalisemwa hadharani mbele ya watu, na kila aliyehudhuria aliondoka nayo kinywani. Fikra ya kwamba hakimu aweza kusikiliza neno leo na kuwakataza wasikilizaji wasilichukue hadi kesho, na kwamba atakayelichukua atakuwa ameikosea mahakama yenyewe na wala si mtu fulani, haikuja kwa njia ya misafara. Ilikuja na dola.

Sina haja ya kukawia juu ya Wajerumani, kwani utawala wao katika Tabora ulianza kwa mizinga zaidi kuliko kwa vitabu vya sheria: Mtemi Isike alishambuliwa na Tom von Prince Januari 1893 na kufa katika ngome yake, kisha ikaja boma, na reli ikafika mwaka 1912, na Septemba 1916 mji ukatwaliwa na majeshi ya Wabelgiji. Jambo linalotuhusu lilifanyika mwaka 1920, pale Waingereza walipoiweka Mahakama Kuu ya Tanganyika kwa amri ya mfalme wao, na kuamuru kwamba sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pamoja na ile isiyoandikwa, iliyokusanywa na mahakimu wao kwa karne nyingi, ndiyo itakayojaza mahali ambapo sheria ya nchi imenyamaza. Ndani ya mzigo huo ndimo ilimokuwa kanuni ya kuidharau mahakama. Mwaka 1930 Kanuni ya Adhabu ilipoichukua nafasi ya ile ya Kihindi, kanuni hiyo ikapata maneno yake yaliyoandikwa, na maneno hayo, chini ya kifungu ambacho wanasheria wetu wamekizoea kwa hesabu ya 114, yangaliko hata leo.

Yafaa tuyatazame kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna jawabu ya swali zima. Kifungu hicho chamtia hatiani mtu yeyote ambaye, shauri likiwa bado linaendelea, anatangaza au kutumia maneno ya kusema au ya kuandika yanayoueleza mwenendo wake kinyume cha ukweli, au yanayoweza kumfanya mtu mwingine aelekee upande mmoja wa wanaoshitakiana, au yanayokusudiwa kuishusha heshima ya yule anayelisikiliza. Tena chamtia hatiani anayetangaza ushahidi uliotolewa katika shauri ambalo mahakama imeamuru lisikilizwe faraghani. Mtu yeyote: si mhariri, si mwenye mtambo wa chapa, si mwandishi aliyeandikishwa katika daftari ya serikali. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1928 ndiyo iliyotaka gazeti liandikishwe na mwenyewe aweke dhamana, na hiyo yaweza kujadiliwa kama yamhusu huyu au haimhusu yule. Lakini katazo la mahakama halikuuliza kamwe kama mwandishi ana gazeti, ana mshahara au ana cheo. Liliyafuata maandishi popote yalipotoka.

Kule kwao Waingereza walisema kwamba katazo hili lawalinda wazee wa baraza la hukumu, ambao ni raia wa kawaida wanaoketi kuamua kama mtu ana hatia, wasije wakaamua kwa waliyoyasoma kabla ya kuyasikia. Bara hapa hawakutuwekea baraza la namna hiyo. Walituwekea jaji anayekuja kwa mzunguko, na pembeni yake wazee wawili watatu wa mji, wanaotoa shauri lao ambalo jaji hafungwi nalo. Kuna wanaosema kwamba hujja ya katazo ilianguka tangu hapo. Mimi sioni hivyo. Mzee wa Tabora aliyeketi kando ya jaji alikuwa amelala usiku ule ule katika mji ambao kila mtu anajua mshitakiwa ni mtoto wa nani. Alipita sokoni asubuhi, akaswali na watu msikitini au akatoka misa nao. Na ikiwa kuna waraka uliomhukumu mshitakiwa kabla ya yeye kusema neno, huyo mzee atakuwa ameusoma au amesomewa. Hatari ya maandishi yasiyongoja haki ilikuwa kubwa zaidi katika mji mdogo kuliko katika London.

Na Tabora ulikuwa mji wa watu wanaoandika. Skuli ya serikali iliyofunguliwa mwaka 1925 iliwalea makarani, walimu na wana wa watemi kutoka kila jimbo. Gazeti la serikali, Mambo Leo, lililoanza kutoka mwaka 1923, lilijazwa kwa sehemu kubwa na barua, mashairi na habari za wilayani zilizotumwa na watu wa namna hiyo hiyo, ambao malipo yao yalikuwa kuliona jina lao limechapwa. Baadaye, mwaka 1950, Kanisa Katoliki lilianzisha Kiongozi hapo hapo Tabora, na chapa ya misheni ikawa Kipalapala, nje kidogo ya mji. Waandishi hawa walikuwa ni watu wa kujitolea kwa maana kamili ya neno. Hata hivyo palikuwa na ukuta kati yao na hakimu, nao ni mhariri: barua iliyogusa shauri lililoko mahakamani ilisomwa kwanza na mtu aliyeijua sheria, au aliyeogopa kuifunga ofisi yake, naye akaikata. Mwalimu wa Sikonge angeweza kuandika apendavyo, bali neno lake la hatari lilifia mezani kwa mwingine, na yeye mwenyewe huenda asijue kamwe kwamba aliokolewa.

Ukuta huo ulianguka zama za chama cha TANU. Mwaka 1957 serikali ilimkataza Julius Nyerere asihutubie mikutano ya hadhara, na mwaka huo huo likaanza kutoka karatasi lililoitwa Sauti ya TANU, lililopigwa kwa mashine ya stensili, likagawiwa na wanachama matawini bila mtu yeyote kulipwa kwa kuliandika, kulikunja wala kulipeleka. Nyerere hakuwa mgeni wa njia yetu. Alisoma Tabora, akarudi kufundisha St. Mary's kutoka 1946 hata 1949, na Januari 1958 alikuwa Tabora tena katika mkutano mkuu wa chama, ule uliokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu ijapokuwa wengi walikuja wamekaza nia ya kuukataa. Miezi minne baadaye, katika toleo la Mei, aliandika maneno makali juu ya mabwana shauri, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni, aliodai wanaitumia sheria kuwaonea watu wa TANU, na serikali ikamshitaki kwa kashfa ya jinai. Shauri lilifunguliwa Dar es Salaam mwezi Julai 1958. D. N. Pritt alitoka Uingereza kumtetea, pamoja na mawakili Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri, watu wakafurika nje ya mahakama, na mwezi Agosti hakimu akamwona na hatia, akamtoza faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa.

Shauri lile lilikuwa la kashfa, si la kuidharau mahakama, na mambo haya mawili yasichanganywe. Lakini fundisho lake kwa mwandishi wa kujitolea lilikuwa moja na lile lile: karatasi la stensili, lenye wino unaochafua vidole na kurasa zisizofungwa, lilipimwa na hakimu kwa mizani ile ile ya gazeti la chapa, wala haikumfaa mwandishi kwamba hakupata hata senti moja. Mwaka huo huo Robert Makange na Kheri Baghdelleh, waliokuwa wakiliendesha gazeti la Mwafrika, walifungwa kwa kosa la uchochezi. Na Unguja, miaka minne nyuma yake, kamati nzima ya Jumuiya ya Waarabu ilishitakiwa na kuonekana na hatia ya uchochezi kwa makala zilizotoka katika Al-Falaq, hali si wote walioshika kalamu. Jamaa za Kiomani za Tabora, ambazo bado zilikuwa na ndugu Unguja, hazikukosa kuisikia habari ile.

Pritt mwenyewe alikuwa ameonja upande wa pili wa sheria hii, yaani upande wa katazo halisi. Alipokuwa akimtetea Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria, mahali palipochaguliwa mbali na miji na mbali na watu, alipeleka simu ya maandishi Uingereza kuwalalamikia wabunge juu ya namna utetezi unavyozuiliwa, hata akasema haki inanyimwa. Simu ikatangazwa, na wakili akaitwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kenya kujibu shitaka la kuidharau mahakama. Aliachiliwa. Lakini kila aliyeisoma habari hiyo katika Tanganyika alielewa kwamba mwiko wa kutosema juu ya shauri linaloendelea waweza kutumiwa kumziba mdomo hata mtetezi, na kwamba mpaka kati ya kuilinda haki na kuwalinda wenye kutawala ulikuwa mwembamba mno.

Hapa ndipo ninapoona chanzo cha uchungu uliotufuata hata leo. Mtawala alizitumia kwa pamoja sheria ya uchochezi, sheria ya kashfa na sheria ya kuidharau mahakama, kwa hiyo watu wakazipokea kwa pamoja na kuzichukia kwa pamoja. Mwandishi wa kujitolea aliyelelewa na kumbukumbu ya 1958 aghalabu huona kila amri ya hakimu isemayo usitangaze kuwa ni kamba ile ile, na akiivunja hujihesabu miongoni mwa mashujaa. Wala hakosei sikuzote. Lakini kuna katazo lisilomlinda mkubwa yeyote. Binti mdogo aliyeingiliwa kwa nguvu katika kijiji cha Uyui, akasimama mbele ya hakimu kusema yaliyompata, anaishi mahali ambapo kutaja jina la baba yake, au la skuli yake, au hata la duka lililo jirani, ni sawa na kumtaja yeye. Akitangazwa, hakuna rufaa itakayomrudishia faragha yake. Anayejiita mtetezi wa wanyonge na kuiandika habari hiyo kwa majina, kwa sababu tu mahakama imemkataza, amemdhulumu mnyonge aliyekuwa wa kwanza kustahili kutetewa naye.

Bunge letu lililiona hilo. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai amri ya kwamba ushahidi katika mashauri ya namna hiyo upokewe faraghani, na kwamba ushahidi na mashahidi wasitangazwe katika gazeti wala katika chombo kingine cha habari. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaongeza hifadhi ya mtoto aliyefikishwa mahakamani. Maneno ya mwaka 1998 yaliandikwa wakati ambao chombo cha habari maana yake ilikuwa gazeti, redio na televisheni, yaani nyumba yenye mlango unaoweza kubishwa hodi na tarishi wa mahakama. Leo mtu wa Urambo au wa Nzega ana simu mkononi, na anayoyaandika jioni yanasomwa na watu wa Muscat na wa Toronto kabla hakimu hajavua joho. Je, huyo ni chombo cha habari? Nionavyo, swali lenyewe halina uzito ambao watu hulipa, kwa sababu Kanuni ya Adhabu ilikwisha kulijibu kwa neno lake la mtu yeyote. Asipokamatwa na sheria ya 1998, atakamatwa na ile ya 1930, maadamu shauri liliamriwa kuwa la faragha.

Njia ambayo dola imeipenda zaidi miaka ya karibuni ni nyingine, nayo ni kumwandikisha. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka anayeandika katika intaneti apate leseni, kwa ada ambazo pamoja zilifika kiasi cha shilingi milioni 2.1 kwa mwaka wa kwanza, mali ambayo mwalimu wa Igunga hawezi kuitoa kwa kazi isiyomwingizia chochote. Mwezi Mei mwaka huo Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara, ilizisimamisha kwa muda, kisha baadaye shauri likaondolewa. Kanuni mpya zikatoka 2020. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha jinsi mambo mawili, kuandikishwa na katazo, yanavyochanganywa, ingawa sheria za 1928 na 1930 ziliyatenga. Leseni haimfundishi mtu ni shauri gani limefungwa na kwa muda gani, na asiye na leseni hawi huru na katazo la hakimu.

Shida iliyo kweli ni ya ujumbe. Sheria ya Kiingereza tuliyoirithi husema kwamba mtu asiye upande wa shauri, ambaye hakutajwa katika amri, hufungwa nayo ikiwa aliijua na akatenda la kuivunja. Mhariri wa gazeti hupelekewa amri hiyo kwa mkono. Ana wakili, na ana mwandishi anayeketi mahakamani kila asubuhi. Mwandishi wa kujitolea aliyeko maili mia nyingi kutoka Dar es Salaam hana hata mmoja wa hao. Mwaka 2025, katika shauri la uhaini la mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, Mahakama ya Kisutu ilikataza matangazo ya moja kwa moja kwa sababu ya kuwalinda mashahidi wa kiraia, na kwa kuwa shauri lilikuwa kubwa amri ile ilitangaa nchi nzima siku ile ile. Lakini katazo linalotolewa katika chumba cha hakimu wa wilaya, juu ya shauri la mirathi ya mtoto au la ubakaji, hukaa ndani ya jalada. Anayepita nje na kuliandika shauri hilo kwa nia njema hana pa kulisoma, na siku atakayoletewa hati ya kuitwa ndiyo siku atakayolijua.

Kwa miaka mingi palikuwa na kizuizi kingine juu ya hicho, kwamba amri yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza. Mashahidi walisema Kiswahili, au Kinyamwezi kwa mkalimani, na hakimu akaandika kwa lugha ambayo wengi waliopaswa kuitii hawakuijua. Mwaka 2021 Bunge liliibadilisha sheria, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya mahakama, na nasema bila kusita kwamba kwa mwandishi wa kujitolea wa Tabora hilo ni badiliko kubwa kuliko kanuni zote za leseni. Amri iliyoandikwa kwa lugha yake anaweza kuisoma mwenyewe, akajua imekataza jina au imekataza shauri zima, imekoma au yaendelea, na ikiwa anaiona kuwa ni dhuluma, akaenda kuipinga mbele ya jaji kwa maneno yake, badala ya kuivunja gizani. Lililobaki ni dogo kwa gharama na kubwa kwa athari: kila mahakama iwe na daftari ya makatazo iliyo wazi kwa umma, isiyotaja siri inayolindwa bali inayotaja hesabu ya shauri, jambo lililokatazwa, sababu, na siku ya kukoma.

Na ibara moja ya ile sheria ya 1998 ingestahili kutazamwa upya. Ilipokataza kutangaza ushahidi wa makosa ya kujamiiana, iliwaachia mlango watu wa namna mbili: wanaochapa mfululizo wa hukumu kwa ajili ya wanasheria, na majarida ya kitaalamu yanayokwenda kwa wanasheria na waganga. Mwalimu wa Kaliua anayeandika kwa Kiswahili, bila jina la mtu wala la kijiji, kuwaeleza wazazi ni maswali gani binti yao ataulizwa mahakamani na ni haki gani anazo pale, hakutajwa katika mlango huo.